Kioo, lenzi na jicho: mwongozo kamili wa kujaribu na kujipimia kwa meza ya jikoni

Binti yangu alikuwa Gredi ya 5 alipoanza kurudi nyumbani na daftari limejaa makosa ya ajabu, 8 imekuwa 3, "bahari" imekuwa "bakari", na mimi nikawa nagomba tu. Mwalimu ananiambia mtoto ana haraka. Kumbe haoni ubao. Nilijua siku moja tukiwa steji, namwambia angalia kama hiyo matatu inakuja ni ya Umoja ama ya Buruburu, akaniambia, "Mum, si tungoje ikaribie kwanza." Ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, maandishi makubwa ya rangi, na yeye hasomi.

Tukaenda duka fulani la miwani hapo tao, akapimwa, nikalipa, tukapewa miwani. Wiki mbili mtoto analia kichwa. Nikarudi nikaambiwa atazoea. Hakuzoea. Ikabidi nikae chini nijifunze mwenyewe hii mambo ya mwanga, na usiku mmoja kwa meza ya jikoni, nikiwa na miwani mbili za kusomea nilizonunua kwa mchuuzi, nikagundua lenzi ya kulia ilikuwa imewekwa kushoto na ya kushoto kulia. Venye nilijua nitaeleza kwa hatua ya 6, lakini usiruke ukaenda huko moja kwa moja juu haitakuingia bila hizi za mwanzo.

Wengi wetu tulisoma hii kitu sekondari. Shida ni kwamba mtaala wa 8-4-4 uliigawanya vipande vipande, kioo bapa Kidato cha 1, vioo vya mviringo Kidato cha 2, mwanga kupinda Kidato cha 3, lenzi na jicho Kidato cha 4, kwa hivyo ukifika mwisho ushasahau mwanzo, na wengine waliacha fizikia wakiwa Kidato cha 2 hawakufika hata kwa lenzi. Hapa nitaziunganisha zote.

Vitu vya kutafuta

Kioo kidogo cha mkononi, kijiko kikubwa kinachong'aa, bakuli, sarafu, mshumaa (kila nyumba Nairobi iko nao juu ya stima kupotea), karatasi nyeupe, tepu ya fundi wa nguo, sindano, na kipande cha boksi. Halafu miwani za kusomea, zile za wachuuzi zenye kastika kadogo kwa lenzi kameandikwa +1.00, +2.00, +3.00. Nunua ya +3.00 kama unaweza kupata moja tu. Ukiwa na mtoto anayevaa miwani, utataka zaidi ya moja.

Kitu kimoja kabla tuanze, na hapa naomba unisikie vizuri. Usiangalie jua kupitia lenzi, na usimwachie mtoto lenzi juani peke yake. Lenzi ya plasi (zile za +, kama hizi za kusomea) inakusanya jua lote lililoigonga inaliweka kwa nukta moja, na hiyo nukta inachoma karatasi, inachoma nguo, na ndani ya jicho inachoma mahali ambapo haparudi.

Hatua ya 1: Jionee kwamba mwanga unaenda moja kwa moja

Kama umewahi kuishi kwa nyumba ya mabati unajua zile duara za mwanga kwa sakafu, mahali msumari umetoboa paa. Nilikuwa nazichezea nikiwa mdogo, naweka mkono duara inakaa juu ya kiganja, na sikuwahi kujiuliza mbona ni duara hata kama tundu lenyewe limechanika vibaya. Ile duara si umbo la tundu. Ni picha ya jua. Kila nukta ya jua inatuma mwale wake unapita kwa tundu ukienda moja kwa moja, na miale yote pamoja inachora jua kwa sakafu. Pima utaona, jua likiwa juu ya kichwa na paa likiwa mita 2.2 kutoka chini, duara inakuwa kama sentimita 2, juu jua linachukua kama nusu digrii tu ya anga. Na ndio maana jua likipatwa, zile duara hugeuka zinakuwa kama mwezi mchanga. Tarehe 3 Novemba 2013, wakati jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache kule Turkana na sisi Nairobi tukapata kipande tu, hiyo ndiyo ilikuwa njia salama ya kutazama, unageuzia jua mgongo unaangalia picha yake.

Kujaribu kwa nyumba ya ploti ama flati: chukua boksi la viatu, toboa upande mmoja na sindano, upande wa pili ukate dirisha uweke karatasi ile ya kuokea mikate, jifunike leso kichwani na uelekeze tundu kwa kitu chenye mwanga mwingi nje. Utaona majengo yamepinduka, juu chini, kushoto kulia. Ibn al-Haytham alifanya majaribio ya namna hii Cairo miaka elfu moja iliyopita, na yeye ndiye alieleza vizuri kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwa vitu unaingia kwa jicho, si ati jicho linatoa kitu linaenda kugusa ulimwengu.

Weka hiyo picha iliyopinduka akilini, itarudi.

Hatua ya 2: Kioo bapa

Sheria ni moja. Mwanga ukigonga kioo kwa pembe fulani, unatoka kwa pembe hiyo hiyo upande wa pili, vile mpira unaruka ukutani. Ukijua hiyo unapata vitu viwili vya maana.

Cha kwanza, kioo cha kujiona mwili mzima hakihitaji kuwa na urefu wako, nusu inatosha. Tuseme uko sentimita 168 na macho yako yako 156 kutoka chini. Ili uone viatu, mwale unatoka kwa kiatu unagonga kioo katikati ya kiatu na jicho, yaani sentimita 78 kutoka sakafuni. Ili uone nywele, unagonga katikati ya jicho na utosi, yaani 162. Toa 78 kwa 162, unapata 84, nusu ya 168 kabisa. Kwa hivyo ukienda kwa fundi wa vioo mwambie akukatie sentimita 84 na ukining'inize makali ya chini yakiwa 78. Na kurudi nyuma hakusaidii, wengi wanaamini ukirudi nyuma utajiona zaidi. Jaribu na kile kioo kidogo cha mkononi, kiegemeze ukutani urudi hatua 5, utaona kipande kile kile cha mwili.

Cha pili, picha yako haiko kwa kioo, iko nyuma ya kioo umbali ule ule ulioko wewe mbele. Ukisimama mita 1, picha yako iko mita 2 kutoka kwako. Mtu asiyeona mbali akitoa miwani anaona fremu ya kioo vizuri lakini picha ya ukuta wa nyuma yake ina ukungu, ingawa zote "ziko kwa kioo". Wapima macho wanatumia hii. Chumba cha kupimia kinafaa kiwe mita 6, na vyumba vya tao havina hiyo nafasi, kwa hivyo wanaweka chati nyuma yako na kioo mita 3 mbele, mwanga unaenda na kurudi inakuwa 6.

Kwa kinyozi utaona kioo mbele na kioo nyuma, na vichwa vyako vimepangwa foleni isiyoisha. Kila kichwa ni picha ya picha, na kila mruko kioo kinakula mwanga kidogo, ndio maana vile vya mbali vinakuwa na giza na kwa kawaida vina rangi ya kijani, juu glasi ya kawaida inapitisha kijani kuliko rangi zingine.

Hatua ya 3: Kijiko

Shika kijiko, jiangalie upande wa nyuma uliotuna. Uko mdogo, umesimama sawa, na chumba chote kimeingia. Huo ndio kioo cha pembeni cha matatu na kile cha kona ya supamaketi. Kinaona eneo kubwa lakini kila kitu kinakuwa kidogo, na akili inasoma "kidogo" kama "mbali". Ukiwa kwa boda ama unajifunza kuendesha, gari unaloliona kwa kioo cha pembeni liko karibu kuliko linavyokaa, kwa hivyo geuza shingo kabla ujitupe kwa leni nyingine.

Geuza upande wa ndani uliobonyea. Umepinduka. Sasa leta ncha ya kidole pole pole hadi karibu iguse kijiko, kuna mahali kinavurugika kabisa halafu ghafla kinasimama sawa na kimekuwa kikubwa. Hapo kilipovurugika ndipo pa fokasi, mahali miale ya kutoka mbali inakutania. Kwa kioo cha mviringo fokasi iko nusu ya njia kuelekea kitovu cha ule mviringo. Ukiweka balbu hapo, mwanga unatoka umenyooka, hiyo ni tochi na taa ya gari. Ukiweka kipokezi hapo, unashika mawimbi ya satelaiti, na hilo ndilo dishi lililo kwa balkoni, kile kichwa kinachosimama mbele yake kiko kwa fokasi.

Hatua ya 4: Sarafu kwa bakuli

Weka sarafu chini ya bakuli, rudi nyuma hadi ukingo uifiche, halafu mwambie mtu amwage maji pole pole bila kuisukuma. Sarafu inarudi kuonekana. Mwanga ukitoka kwa maji kuingia hewani unapinda, juu kasi yake inabadilika, hewani unaenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa maji kama 225,000, kwa glasi ya kawaida kama 200,000. Ukiangalia kutoka juu, kina cha maji kinaonekana robo tatu tu ya kina chenyewe, mita 2 inaonekana 1.5. Waambie watoto hivyo kabla waende kuogelea.

Hatua ya 5: Pima lenzi ya plasi kwa ukuta

Hapa ndipo nilipendea hii kitu. Ingia chumba chenye dirisha moja, zima taa, simama kwa ukuta unaotazama dirisha. Shika miwani ya +3.00, lenzi moja iangalie dirisha, isogeze kutoka ukutani hadi kwa ukuta itokee picha kali ya nje. Mimi niliona majengo ya ng'ambo yamepinduka, kamba za nguo, mbingu ya buluu chini kabisa, na mama mmoja anaanua nguo kichwa chini, anatembea juu ya dari. Ilikuwa ndogo kama kucha na ilikuwa na rangi zake zote. Binti yangu alikaa hapo karibu nusu saa.

Sasa pima na tepu kutoka lenzi hadi ukuta. Ni kama sentimita 33. Gawanya 1 kwa mita 0.33, unapata 3. Hiyo ndiyo maana ya +3.00 kwa kastika, ni dayopta, yaani 1 gawanya kwa umbali wa fokasi kwa mita. Ya +2.00 itakupa sentimita 50, +2.50 itakupa 40, +4.00 itakupa 25. Angalia kitu cha mbali kwelikweli, jengo ama mti, si fremu ya dirisha, ukipimia na kitu kilicho mita 5 jibu litakuwa na kosa.

Shuleni walitupa 1/f = 1/u + 1/v (f ni umbali wa fokasi, u ni wa kitu, v ni wa picha) na wengi tukaikariri bila kuielewa. Mimi nilielewa siku niliacha mita nikahesabu kwa dayopta, kama deni. Kitu kilicho mbali sana hakidai kitu. Kitu kilicho mita 1 kinadai dayopta 1. Nusu mita kinadai 2. Sentimita 25 kinadai 4. Lenzi inalipa deni kwanza, inayobaki ndiyo inatengeneza picha. Stima zikipotea jaribu. Weka mshumaa mita 1 kutoka lenzi ya +3.00. Lenzi iko na 3, inalipa 1, inabaki 2, na 2 ni nusu mita, kwa hivyo karatasi ikae sentimita 50 upande wa pili na utaona mwali umepinduka, nusu ya ukubwa wake. Sogeza mshumaa uwe nusu mita, lenzi inalipa 2, inabaki 1, picha inaenda mita 1 na inakuwa kubwa mara mbili. Weka mshumaa sentimita 33, lenzi inalipa zote 3, haibaki kitu, na picha haipatikani popote kwa chumba. Karibu kuliko hapo lenzi imeshindwa na deni, na ukiangalia kupitia lenzi unaona kitu kimesimama sawa na kimekuzwa, hiyo ndiyo lenzi ya kukuzia ya fundi saa.

Hatua ya 6: Lenzi ya mainasi, na miwani ya binti yangu

Lenzi ya plasi imetuna katikati, ya mainasi ni nyembamba katikati na nene pembeni, na haitoi picha kwa ukuta hata ukae hapo siku nzima, juu inatawanya miale badala ya kuikusanya. Unaijua kwa kutikisa. Nyoosha mkono, angalia mstari wa fremu ya mlango kupitia lenzi, halafu isogeze kushoto na kulia. Mstari ndani ya lenzi ukienda kinyume na mkono, ni plasi. Ukifuata mkono, ni mainasi. Lenzi ikiwa na nguvu zaidi mstari unakimbia zaidi.

Kupima ni kiasi gani, tumia hii: lenzi mbili zikishikana, nguvu zinajumlishwa. +2.00 ikilaliana na −2.00 inakuwa sufuri, na mstari wa mlango hautikisiki.

Karatasi ya binti yangu ilisema jicho la kulia −2.00, la kushoto −1.00. Nilinunua kwa mchuuzi +1.00 na +2.00. "Mathe, na ni za nani, mbona unataka mbili tofauti?" akaniuliza, nikamwambia nataka kupimia. Nikashika lenzi ya kulia ya mtoto (kulia ni kwa anayevaa, si kwa anayemwangalia) nikailaza na ile ya +2.00, nikatikisa. Mstari ukakimbia kinyume. Nikarudia. Kinyume tena. Nikaweka ile ya +1.00, mstari ukatulia tuli kama haujaguswa. Yaani lenzi ya kulia ilikuwa −1.00. Upande wa kushoto ukanyamaza na +2.00. Walikuwa wamezibadilisha.

Na sasa ndio nikaelewa kichwa kilikuwa kinauma kwa nini, na mbona dukani alipoulizwa "unaona?" alijibu anaona. Jicho la kulia lilikuwa linahitaji kupunguziwa 2 likapewa 1, kwa hivyo kila kitu kupita mita 1 bado kilikuwa na ukungu. Jicho la kushoto lilihitaji kupunguziwa 1 likapunguziwa 2, limebaki na upungufu wa 1, na kwa sababu ni jicho la mtoto likawa linajikaza kujaza hiyo 1 asubuhi hadi jioni. Akiwa na macho yote mawili wazi, la kushoto linasoma chati, mtu wa duka anaridhika. Wangefunika jicho moja moja wangejua pale pale. Nilirudisha, nikawaonyesha na zile miwani za mchuuzi, wakatengeneza upya bila malipo. Kichwa kiliisha wiki hiyo.

Njia hii inakubali vizuri kama karatasi iko na SPH pekee, yaani namba ya plasi ama mainasi. Ikiwa na CYL, ile namba ya jicho lisilo mviringo sawa kila upande, mstari utatulia upande mmoja na utatikisika upande mwingine, na ukizungusha lenzi kama usukani mstari wa mlango utaonekana unakatika na kuinama. Hapo mwachie mtu mwenye mashine, lakini angalau umejua CYL ipo.

Hatua ya 7: Jicho lenyewe

Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na picha lazima ikae kwa retina, ule utando wa nyuma wenye seli kama milioni 120 za kuonea gizani na kama milioni 6 za rangi na vitu vidogo. Kufikisha picha kwa umbali mfupi hivyo kunahitaji kama dayopta 60. Watu wengi wanadhani lenzi ya ndani ndiyo inafanya kazi yote. Hapana, konea, ile glasi ya mbele kabisa inayoguswa na vumbi, ndiyo inalipa kama 43. Ndio maana ukifungua macho ndani ya maji kila kitu ni ukungu, maji yakigusa konea yanaifuta karibu nguvu yake yote, na ukivaa miwani ya kuogelea hewa inarudi mbele ya konea unaona tena.

Picha kwa retina imepinduka, kama kwa boksi la viatu. Akili ndiyo inaisoma sawa.

Lenzi ya ndani kazi yake ni kulipa deni la karibu. Misuli ikijikaza, nyuzi zinazoishikilia zinalegea nayo inatuna zaidi. Kusoma simu ikiwa sentimita 33 ni deni la 3. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza dayopta 12 ama zaidi, anasoma kitu kikiwa karibu kugusa pua. Ukifika 40 unabaki na kama 5, ukifika 50 kama 2, na 60 kama 1 tu, juu lenzi inakuwa ngumu na miaka. Kwa hivyo mama yangu akinyoosha mkono kusoma meseji si macho yameharibika, deni la 3 limezidi alichobaki nacho, na miwani ya mchuuzi ya +2.00 inamjazia. Haimharibu macho, na kutoivaa hakumwimarishi.

Jicho lisiloona mbali kwa kawaida ni jicho refu kidogo, picha inatua kabla ya retina, linapunguziwa na mainasi. Jicho fupi ni kinyume, linaongezewa plasi. CYL inakuja konea ikiwa si mviringo sawa kila upande, imekaa kama mgongo wa kijiko badala ya mgongo wa mpira.

Jaribu hii na watoto, wanaipenda sana. Chora X kwa karatasi na duara nyeusi sentimita 8 kulia kwake. Funga jicho la kushoto, angalia X na la kulia, sogeza karatasi pole pole. Ikifika kama sentimita 30 duara inapotea kabisa. Hapo ndipo mshipa wa macho unatoka nyuma ya jicho na hakuna seli za kuonea, na umeishi na hilo pengo maisha yako yote.

Hatua ya 8: Jipime

Anza na tundu. Toboa boksi na sindano, funika jicho moja, angalia kitu cha mbali kilicho na ukungu kupitia tundu. Ukungu ukipungua, shida ni ya kupinda mwanga na miwani itasaidia, juu tundu halihitaji lenzi, ulishaona hatua ya 1. Usipopungua usinunue miwani ya mchuuzi, nenda kwa daktari, inaweza kuwa mtoto wa jicho ama retina.

Kujua mainasi yako kwa kukadiria: toa miwani, funika jicho moja, shika gazeti karibu, lisogeze mbali hadi herufi ndogo zianze tu kufifia, mtu apime na tepu. Gawanya 1 kwa hizo mita. Sentimita 50 ni kama −2.00, sentimita 25 ni kama −4.00.

Halafu chora herufi E yenye urefu wa milimita 9, kila mstari wake uwe upana wa karibu milimita 2, na uibandike mita 6 mahali penye mwanga. Ukiisoma, jicho hilo ni karibu 6/6, kipimo ambacho kinatokana na chati ya Herman Snellen wa Uholanzi, mwaka wa 1862. Ukiweza tu kuanzia mita 3 uko 6/12. Jicho moja moja, tafadhali, na mtoto asichungulie kati ya vidole, mfunike na kikombe.

Karatasi ya daktari sasa inasomeka. OD ni kulia, OS ni kushoto. SPH ni plasi ama mainasi. CYL na AXIS zinaenda pamoja, ya pili ni pembe. ADD ni ile ya kuongezea kusoma kwa watu wazima. PD ni milimita kati ya mboni mbili, ikikosewa vituo vya lenzi havikai mbele ya macho na kichwa kinauma hata namba zikiwa sahihi.

Hakuna jaribio hapa la kuchukua nafasi ya daktari. Ukiona vimulimuli ghafla na vidoa vingi vinaelea, ama kama pazia linashuka upande mmoja, ama jicho limekuwa jekundu na linauma sana na unaona duara za rangi kwa taa, nenda siku hiyo hiyo. Na ukipiga mtoto mdogo picha na flashi mboni moja itoe weupe badala ya wekundu, usingoje likizo, mpeleke, inaweza kuwa saratani ya jicho na ikishikwa mapema inatibika. Kuna hospitali ya Kenyatta, kuna hospitali ya macho ya Kikuyu, kuna ile ya Lions kule Loresho.

Ukienda kuchukua miwani, kabla utoke dukani funika jicho la kushoto la mtoto na kiganja chako mwenyewe, mwambie asome kitu cha ng'ambo ya barabara kupitia mlango, halafu ubadilishe. Beba ile miwani ya mchuuzi kwa kibeti. Uitoe hapo hapo kaunta, uilaze na ya mtoto, utikise kwa fremu ya mlango wao.